Bainokula ya bei nafuu ya kutazama nyota: Namba mbili za kusoma kabla hujatoa hela

Ukiingia dukani kutafuta bainokula, swali la kwanza linalokuja mdomoni ni hili: "Hii inavuta mara ngapi?" Wauzaji wanalijua swali hilo. Ndiyo maana maboksi mengi yameandikwa namba kubwa kubwa: 30x60, 60x60, hata 100 na zaidi.

Kwa kutazama nyota, hilo si swali la kuanza nalo. Nyota haihitaji kuvutwa sana. Inahitaji mwanga mwingi uingie jichoni na mkono usitetemeke. Bainokula ya kawaida ya 8x42 au 10x50 itakuonyesha mengi kuliko ile ya mfukoni iliyoandikwa 60x60.

Habari njema ni kwamba bainokula ya kutosha kwa anayeanza si ya bei ya kutisha. Habari mbaya ni kwamba dukani, nzuri na mbovu hukaa rafu moja, na mbovu ndiyo yenye maneno mengi kwenye boksi.

Kwa ufupi

- Tafuta 10x50, 8x42 au 7x50. Hizo tatu zinamtosha anayeanza.
- Usizidi 10x kama utashika kwa mkono.
- Epuka zenye zumu, zenye vioo vyekundu kama kioo cha kujitazamia, na zile ndogo zenye namba kubwa.
- Jaribu kabla ya kulipa. Dakika tano zinatosha.
- Usiangalie jua kwa bainokula, hata sekunde moja.

Namba mbili zina maana gani?

Kila bainokula ina namba mbili, mfano 10x50.

Namba ya kwanza ni ukuzaji. 10x maana yake kitu kinaonekana kama kimesogea karibu mara 10. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,000 kutoka duniani. Kwa 10x unauona kama vile uko kilomita 38,400 tu.

Namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. 50 ni sentimita 5. Hapa ndipo mwanga unapoingilia, na kwa kazi ya usiku hii ndiyo namba ya kuipa uzito.

Fikiria ndoo mbili za kukinga mvua, moja mdomo mwembamba, nyingine mdomo mpana. Mvua ni ile ile, lakini ya mdomo mpana inajaa haraka. Lenzi nayo ni hivyo hivyo. Lenzi ya milimita 50 ina eneo mara 4 ya lenzi ya milimita 25, kwa hiyo inakusanya mwanga mara 4 zaidi.

Linganisha na jicho lenyewe. Gizani, mboni ya kijana hufunguka hadi kama milimita 7. Lenzi ya milimita 50 ina eneo karibu mara 50 ya hiyo. Ndiyo maana ukielekeza bainokula mahali ulipoona nyota tatu, ghafla zinatokea kibao.

Gawanya, upate namba ya tatu

Kuna namba nyingine ambayo mara nyingi haiandikwi mbele ya boksi, lakini unaipata kwa kalkuleta ya simu. Chukua namba ya pili, gawanya kwa ya kwanza.

- 7x50: 50 ÷ 7 = 7.1
- 8x42: 42 ÷ 8 = 5.25
- 10x50: 50 ÷ 10 = 5
- 15x70: 70 ÷ 15 = 4.7
- 10x25: 25 ÷ 10 = 2.5

Jibu ni upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linalotoka upande wa jicho. Duara likiwa dogo sana, picha ni ya giza. Kwa nyota, lenga 4 hadi 7.

Umri nao una hesabu yake. Mboni ya kijana hufikia 7, lakini ya mtu wa miaka 50 na kuendelea mara nyingi hubaki kwenye 5 au chini ya hapo. Mzee akitumia 7x50, sehemu ya mwanga inamwagika nje ya mboni. Kwake 10x50 au 8x42 ni matumizi bora ya hela.

Anayekaa mjini pia afikirie 10x50. Taa za mji zinang'arisha anga lote, na 10x50 inalifanya anga la nyuma lionekane jeusi kidogo kuliko 7x50, hivyo nyota zinajitokeza vizuri zaidi.

Ipi inakufaa wewe?

*10x50.* Hii ndiyo chaguo la watu wengi wanaoanza. Inaonyesha makovu ya Mwezi, miezi minne ya Mshtarii na makundi ya nyota. Uzito wake mara nyingi ni kati ya gramu 800 na kilo moja, kwa hiyo mkono utachoka ukiishika muda mrefu.

*8x42.* Nyepesi zaidi na haitetemeki sana. Ni saizi wanayoipenda waongoza watalii na watazama ndege. Kama unataka bainokula moja ifanye kazi mbili, mchana mbugani na usiku uani, chukua hii.

*7x50.* Hii ni saizi ya mabaharia. Imetulia sana mkononi na ina mwanga mwingi. Inamfaa kijana anayeishi kijijini au mahali penye giza la kweli.

*15x70.* Inavutia kwa sababu mwezi unakuwa mkubwa na nyota zinaongezeka. Shida ni kwamba ina karibu kilo moja na nusu, na mkononi picha inarukaruka. Bila stendi ya miguu mitatu utaichukia ndani ya wiki. Bei ya stendi imara iingize kwenye bajeti mapema.

*10x25 na ndogo nyingine.* Ni nzuri mpirani na safarini. Kwa nyota, mwanga wake ni mdogo mno.

Mbona nisinunue darubini kabisa?

Swali zuri, hasa kwa mzazi anayemnunulia mtoto. Darubini za bei ya chini kabisa zina stendi dhaifu. Ukigusa tu picha inayumba. Boksi litasema 525x, wakati darubini yenye lenzi ya milimita 60 haina faida ya maana ikipita kama 120x. Juu ya hapo unakuza ukungu.

Darubini pia huonyesha kipande kidogo sana cha anga, kwa hiyo mtoto anahangaika nusu saa kutafuta kitu na mwisho anaenda kulala. Bainokula ya 10x50 kwa kawaida huonyesha anga lenye upana wa nyuzi 6 hivi. Mwezi una nusu nyuzi tu. Hapo kupata kitu ni rahisi: unatazama kwa macho, unainua bainokula, umekipata.

Na hata akija kununua darubini kubwa baadaye, bainokula itaendelea kutumika.

Maneno ya kwenye boksi

Ndani ya bainokula kuna prizimu, vipande vya kioo vinavyogeuza picha ikae wima. Kuna maumbo mawili.

La kwanza linaitwa porro. Utalijua kwa sura: mabomba ya mbele yamekaa nje zaidi kuliko sehemu za macho, kama mabega mapana. La pili linaitwa roof, na mabomba yake yamenyooka moja kwa moja. Roof ni nyembamba na nzuri kubeba, lakini kuitengeneza vizuri ni gharama. Kwa bei ya chini, porro mara nyingi inakupa picha bora kwa hela ile ile. Kwa hiyo usidharau yenye umbo la kizamani.

Kuna pia aina ya kioo cha prizimu. BAK4 ni bora kuliko BK7. Tofauti inaonekana kwenye kingo: BK7 huweza kukata mwanga pembeni. Si mwisho wa dunia, lakini kama bei zinakaribiana, chukua BAK4.

La tatu ni utando wa lenzi. Kioo kitupu hurudisha sehemu ya mwanga nje, na utando mwembamba juu yake hupunguza upotevu huo. Kuanzia dhaifu hadi bora, boksi litaandika hivi:

- "Coated": baadhi ya vioo vina utando wa tabaka moja.
- "Fully Coated": vioo vyote vinavyopokea hewa vina tabaka moja.
- "Multi-Coated": baadhi ya vioo vina tabaka nyingi.
- "Fully Multi-Coated" au FMC: vioo vyote vina tabaka nyingi. Hii ndiyo ya kutafuta.

Hizi zikimbie

*Namba kubwa kwenye mwili mdogo.* Hapa huhitaji utaalamu. Boksi likisema 60x60, lenzi ya mbele inatakiwa kuwa na upana wa sentimita 6 kila upande. Kitu hicho hakiwezi kuingia mfuko wa shati. Kama kinaingia, namba ni ya mapambo.

Na hata kama ingekuwa kweli, gawanya: 60 ÷ 60 = 1. Duara la milimita 1. Usiku ungeona giza tu.

*Zumu.* Zile za 10-30x50 na wenzake. Ukizungusha kwenda juu, picha inakuwa nyeusi, nyembamba, na mara nyingi pande mbili hazikubaliani. Kwa bei nafuu, ukuzaji mmoja usiobadilika ni salama zaidi.

*Vioo vyekundu.* Lenzi inayong'aa nyekundu au rangi ya chungwa kama kioo cha miwani ya jua inapendeza kwenye picha. Lakini wekundu unaouona ni mwanga unaokataliwa kuingia. Kwa nyota, kila tone la mwanga lina thamani.

*"Night vision" bila betri.* Kifaa cha kuona gizani kinahitaji umeme. Lenzi tupu haziwezi kutengeneza mwanga ambao haupo. Kama hakuna sehemu ya betri, maneno hayo yapuuze.

*Zisizo na gurudumu la kurekebisha.* Kuna zinazouzwa kwa sifa kwamba huhitaji kurekebisha chochote. Nyota ni kinukta kidogo; bila marekebisho sahihi inageuka tone la maji.

Kipimo cha dakika tano dukani

Usilipe kabla ya kujaribu. Mwambie muuzaji kwa adabu: "Kaka, naomba niitoe mlangoni niangalie ule mnara." Muuzaji mwenye mali nzuri hatakataa. Fanya haya kwa mpangilio:

1. *Pima lenzi.* Weka rula mbele ya lenzi. Ya 50 iwe karibu na sentimita 5. Ikiwa 3, rudisha.

2. *Angalia rangi ya mwanga.* Inamisha lenzi chini ya taa uone kivuli cha taa hiyo ndani ya kioo. Kikiwa cheupe na kikali, utando ni duni au haupo. Kikiwa hafifu, cha kijani au zambarau, ni dalili nzuri.

3. *Tazama duara.* Nyoosha mikono, elekeza bainokula kwenye ukuta mweupe au mawingu, mbali na jua. Utaona viduara viwili vya mwanga kwenye vioo vya jicho. Viwe vya mviringo safi. Vikiwa na pembe kama mraba au kivuli pembeni, prizimu inakata mwanga.

4. *Itikise taratibu.* Sikiliza. Kitu kikigonga ndani, kuna kilicholegea.

5. *Zungusha gurudumu la katikati.* Liende laini, bila kukwama na bila kulegea. Kisha bonyeza kidogo sehemu za macho. Zikicheza sana, picha itapotea kila ukigusa.

6. *Tazama kitu cha mbali.* Mnara wa simu, nguzo au ukingo wa bati. Picha iwe moja tu. Ukiona mbili, au ukihisi macho yanavutwa ndani ya dakika moja, pande mbili hazijalingana. Huo ndio ugonjwa mkubwa wa bainokula za bei rahisi, na kichwa kitauma kila usiku. Omba nyingine ya aina ile ile, maana mara nyingi moja ni mbovu na jirani yake ni nzima.

7. *Kagua katikati ya picha.* Katikati pawe pakali. Kingo kuwa na ukungu kidogo ni kawaida kwa bei hii, usihangaike.

Kama unanunua mtandaoni, huwezi kufanya haya. Basi uliza mapema: naweza kurudisha ndani ya siku ngapi, na nani analipa usafiri? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, tafuta muuzaji mwingine.

Bei ikoje, na mtumba je?

Kwenye maduka ya mtandaoni ya nje, 10x50 za kuanzia za kampuni kama Celestron, Bresser na Nikon kwa kawaida ziko kati ya dola 40 na 150. Juu ya hapo kuna usafirishaji na ushuru, na mara nyingine vikijumlishwa vinakaribia bei ya mzigo. Kwa hiyo linganisha jumla, siyo bei ya kwenye picha.

Ukipanda bei kutoka ya chini kabisa hadi ya kati, mabadiliko ni makubwa: utando bora, pande zilizolingana, mwili usiolegea. Ukipanda kutoka kati hadi ghali, mabadiliko yapo, lakini anayetazama nyota mara mbili kwa mwezi hatayahisi sana.

Mtumba usiudharau. Bainokula ya zamani ya porro kutoka kiwanda cha kueleweka inaweza kuishinda mpya ya bei hiyo hiyo. Ila kagua kitu kimoja zaidi: washa tochi ya simu upande wa lenzi ya mbele, kisha chungulia ndani kutoka upande wa pili, jicho likiwa mbali kidogo ili mwanga usikuchome. Vumbi kidogo si tatizo. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu wa fangasi umeota kwenye kioo. Achana nayo, labda kama una fundi unayemwamini na bei inashuka sana.

Ukivaa miwani

Kama unaona mbali au karibu kwa shida tu, unaweza kuvua miwani na kurekebisha kwa gurudumu. Lakini kama miwani yako inasahihisha astigmatizimu, ni bora uibakize, vinginevyo nyota zitakuwa na mikia.

Ukibaki na miwani, tafuta bainokula ambayo inaruhusu jicho kukaa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye kioo. Kipimo hicho huandikwa kwenye boksi kama "eye relief". Dukani, kunja mipira ya macho, vaa miwani yako, chungulia. Ukiona duara lote la picha, inakufaa. Ukiona kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo, jaribu nyingine.

Kuirekebisha usiku wa kwanza

Watu wengi wanasema bainokula yao ni mbovu, kumbe haijawekwa sawa. Fanya hivi mara moja tu:

- Kunja au kunjua mwili mpaka viduara viwili viwe kimoja.
- Fumba jicho la kulia. Tazama nyota angavu kwa la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka iwe kinukta.
- Sasa fumba la kushoto. Zungusha pete ya kwenye kioo cha kulia mpaka nyota ile ile iwe kinukta.
- Kumbuka pete ilipokaa. Kuanzia hapo unatumia gurudumu la katikati pekee.

Mkono ukitetemeka, usikimbilie kulaumu kifaa. Tandika mkeka ulale chali, au kaa kwenye kiti uegemee, viwiko vikibana mbavuni. Kwa sayari, egemeza bainokula kwenye ukuta wa uzio au mpini wa fagio uliosimamishwa. Bainokula nyingi za 10x50 na kubwa zaidi zina kifuniko kidogo mbele ya bawaba. Ukikifungua kuna tundu la skrubu la kufungia adapta ya stendi.

Na simu yako, pamoja na kwamba unasoma makala hii humo, ndiyo adui. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Ujumbe mmoja wa WhatsApp kwenye skrini angavu unakurudisha mwanzo. Kama unatumia programu ya ramani ya nyota, shusha mwanga hadi mwisho na uwashe mfumo wa rangi nyekundu kama upo.

Utaona nini, na lini?

Anayeishi Afrika Mashariki ana bahati. Tupo karibu na ikweta, kwa hiyo karibu anga lote la kaskazini na la kusini linatupitia. Mtu wa London haoni kabisa Msalaba wa Kusini. Wewe unauona ukiwa uani.

*Mwaka mzima: Mwezi.* Usisubiri uwe mpevu. Ukiwa nusu, kwenye mstari kati ya mwanga na giza, makovu yanatoa vivuli na kuonekana vizuri. Tafuta Copernicus, lenye upana wa kilomita 93 hivi.

*Mshtarii.* Unaonekana kama nyota angavu isiyopepesa. Egemeza bainokula vizuri utaona vinukta hadi vinne vimejipanga ubavuni: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Galileo aliviona mwaka 1610. Rudi kesho yake, vitakuwa vimehama.

*Zohali.* Usijipe matumaini. Pete zake hazionekani wazi kwa 10x. Zinahitaji kama 25x kwenda juu, na darubini iliyotulia.

*Novemba hadi Februari: Kilimia.* Kundi hili wazee walilifuatilia kujua wakati wa kulima, na jina lenyewe linasema. Kwa macho unahesabu nyota sita au saba. Kwa bainokula ni rundo la vito vya bluu. Miezi hiyo pia tazama upanga wa Jabari, chini ya zile nyota tatu zilizopangana: pale katikati kuna wingu la gesi linalozaa nyota, umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi. Mwezi Novemba, upande wa kaskazini, mahali penye giza, utaona pia galaksi ya Andromeda kama doa la moshi. Mwanga huo ulianza safari miaka milioni 2.5 iliyopita.

*Aprili hadi Juni: kusini.* Msalaba wa Kusini uko juu jioni. Karibu nao kuna Omega Centauri. Kwa macho ni nyota yenye ukungu. Kwa bainokula ni mpira wa mwanga uliobeba mamilioni ya nyota. Mvua za masika zikikatika, usiikose.

*Juni hadi Septemba: Njia Nyeupe.* Huu ndio msimu wenyewe kwa mikoa ya bara yenye kiangazi. Katikati ya galaksi yetu inapita juu sana, karibu na Nge. Lala chali, pitisha bainokula taratibu kutoka mkia wa Nge kwenda juu. Huhitaji ramani.

Chagua usiku usio na mwezi mkubwa. Umeme ukikatika mtaa mzima, badala ya kulalamika, toka nje nayo.

Jua: hapa hakuna mchezo

Bainokula hukusanya mwanga. Ukiielekeza kwenye jua, inakusanya mwanga huo na joto lake na kuupeleka moja kwa moja ndani ya jicho. Retina haina maumivu, kwa hiyo inaungua bila wewe kuhisi, na kinachoungua huenda kisirudi.

Hili lina tarehe. Tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kwa jua. Kupatwa kamili kutapita kaskazini mwa Afrika, ikiwemo Misri, kisha Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Kenya na Tanzania tutaona kwa sehemu, maana yake jua halitafunikwa lote hata dakika moja.

Miwani ya kupatwa kwa jua haikulindi ukiwa unachungulia kwenye bainokula. Mwanga uliokusanywa unaitoboa. Kinachofaa ni chujio maalumu la jua linalofungwa *mbele* ya lenzi zote mbili, likiwa imara lisidondoke. CD, filamu ya eksirei na kioo cha moshi havifai. Kama huna chujio, siku hiyo iache bainokula kabatini na umwambie hivyo mtoto aliyenunuliwa.

Kuitunza, hasa pwani

Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar, Mombasa: unyevu na chumvi ndivyo vinavyoua lenzi. Fangasi huota kimya kimya kabatini.

- Ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu.
- Ikitoka nje imelowa umande, iache ikauke kabla ya kuifungia.
- Usifute lenzi kwa kanga wala shati. Puliza vumbi kwanza, kisha tumia kitambaa laini cha miwani.
- Usiiache kwenye gari juani.
- Usiifungue mwenyewe kwa bisibisi. Pande mbili zikipoteza ulinganifu, kuzirudisha ni kazi.

Kwenye pwani, kama bajeti inaruhusu, ongeza kidogo upate iliyozibwa na kujazwa naitrojeni. Hiyo haiingizi unyevu ndani kirahisi.

Maswali ya haraka

*Naweza kupiga picha kwa simu?* Ya Mwezi, ndiyo. Funga bainokula kwenye stendi, shikilia kamera ya simu kwenye kioo kimoja cha jicho, gusa Mwezi kwenye skrini kisha shusha mwanga. Nyota ni ngumu zaidi.

*Mtoto wa miaka 8 anaweza kutumia 10x50?* Ni nzito kwake. Mpe 7x35 au 8x40, na ahakikishwe macho yake yanafikia vioo vyote viwili mwili ukikunjwa.

*Nina hela ya kitu kimoja tu, na sijui nitaipenda hii shughuli.* Nunua 8x42 au 10x50 ya porro, ukuzaji usiobadilika, uliyoijaribu mwenyewe mlangoni. Nyota zikikuchosha, bado utaitumia mbugani, baharini na uwanja wa mpira.